Je, Yampasa Mgeni Kula Aandaliwacho?

Wako watu ambao kila wafikapo ugenini huuliza kwanza kama chakula cha kwao chapatikana. Wakiletewa wasichokijua, hukunja uso. Jambo hili laonekana dogo, lakini si dogo.

Tutazame Meksiko, nchi yalikotoka kwanza mahindi tulimayo sisi. Msafiri afikapo Oaxaca, upande wa kusini, huona sokoni akina mama wakiuza panzi waliokaangwa kwa chumvi, vitunguu saumu na ndimu. Wageni wengine huchukizwa. Lakini Mhaya alaye senene atamcheka nani? Nasi tuliosoma habari za Yohana Mbatizaji, je, tutasema nzige si chakula cha watu?

Tena yako mahindi yenyewe. Wanawake wa huko huyachemsha kwa maji yaliyotiwa chokaa, huyaacha usiku kucha, huyaosha, kisha huyasaga na kuoka mikate myembamba juu ya kigae. Mbegu ilipochukuliwa kwenda Ulaya, kazi hii ya chokaa iliachwa nyuma. Basi maskini wa Hispania na Italia, na baadaye wa kusini mwa Marekani, walioishi kwa mahindi karibu peke yake, wakashikwa na pelagra: ngozi huambuka, tumbo huhara, akili huvurugika, na mwisho ni kifo. Tabibu Gaspar Casal aliieleza huko Hispania mwaka 1735. Lakini ni mwaka 1937 ndipo Conrad Elvehjem na wenziwe wa Marekani walipogundua kwamba kilichopunguka ni niasini. Chokaa huifungua niasini iliyofungwa ndani ya punje. Hivyo chungu cha mama wa Meksiko kilikuwa na elimu ambayo wenye vyuo waliitafuta miaka mia mbili.

Labda msomaji atauliza, "Je, nile hata kitu ambacho dhamiri yangu yanikataza, au kinachonidhuru?" La, sivyo. Mkono waweza kukataa kwa shukrani, na mwenyeji mwema ataelewa. Bali moyo usidharau. Hata asiyekula na aulize: chapikwaje, na kwa sababu gani?

Wazee husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika habari hii mwenyeji ndiye aliyekuwa na dawa, na mgeni angalipona, kama angaliuliza.