Ukifunga Barabara, Umeingia Deni

Kila msimu wa mvua picha ni ileile. Kipande cha barabara kimeshuka bondeni, udongo mwekundu umelala pale magari yalipokuwa yakipita jana, na watu wamesimama pande mbili wakitazamana. Sisi huku mjini tunaiona kwenye simu, tunaandika "poleni sana," tunaendelea na mambo yetu. Chini ya picha kuna tangazo fupi: barabara imefungwa hadi wananchi watakapojulishwa tena.

Hebu tulisome hilo tangazo polepole. Linaonekana kama jambo la wahandisi tu: udongo umeanguka, utaondolewa, subirini. Lakini ndani yake kuna swali ambalo mhandisi hawezi kulijibu kwa vipimo vyake. Mtu akikufungia njia kwa ajili ya usalama wako, yeye anakudai utii. Je, wewe unamdai nini?

Mjini ni vigumu kulisikia swali hili, kwa sababu mjini barabara moja ikifungwa kuna nyingine. Wakati Nairobi Expressway ilipokuwa ikijengwa, kabla ya kufunguliwa Mei 2022, Mombasa Road ilikuwa balaa. Watu walikaa ndani ya matatu hadi miguu ikafa ganzi, wakalaani kila mtu. Lakini walifika. Walichelewa, wakalipa nauli zaidi, wakakatiza mitaa ya ndani, ila waliweza kufika. Kwetu kufungwa kwa barabara ni kero.

Kwenye miinuko ya West Pokot, Elgeyo Marakwet au Murang'a, barabara ya kufika kijijini mara nyingi ni moja. Ikikatika, njia ya kuzunguka haipo, ama ipo na inakula siku nzima. Neno "kufungwa" ni lilelile, lakini jambo lenyewe ni tofauti kabisa.

Usiku wa kuamkia Novemba 23, 2019, mvua kubwa ilisababisha maporomoko ya ardhi West Pokot. Zaidi ya watu 40 walifariki. Barabara na madaraja yalikatika, na waokoaji walipata shida hata kuwafikia waathiriwa. Usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025, ikawa zamu ya Chesongoch, Elgeyo Marakwet, ambako zaidi ya watu 30 walifariki. Huko nako barabara hazikupitika, ikabidi majeruhi wabebwe kwa helikopta hadi Eldoret. Vyombo vya habari huhesabu waliokufa usiku ule, na ni sawa vihesabu. Lakini kamera zikishaondoka hubaki watu wengine ambao udongo haukuwagusa hata kidogo. Nyumba yao iko salama, shamba liko salama, ila wako ng'ambo ya pili ya barabara ambayo haipo. Hao ndio nataka tuwazungumzie.

Tuanze na haki ya anayefunga, maana haki anayo. Mteremko ukiporomoka mara moja haimaanishi umemaliza. Maji ya mvua yanapozama ardhini hujaza nafasi kati ya chembe za udongo. Udongo unakuwa mzito na papo hapo unapoteza mshiko. Barabara yenyewe huchangia. Ilipochongwa ubavuni mwa mlima, ilikata sehemu ya chini iliyokuwa ikiubeba mteremko wa juu. Kalvati ikiziba, maji ya mtaro mzima hutafuta sehemu moja ya kutokea. Sasa tingatinga likija na kuanza kuzoa udongo kutoka chini bila mtu kuangalia juu, linaondoa kile kilichokuwa kikizuia udongo uliobaki. Ndiyo maana mafundi wanaojua kazi hupanda juu kwanza kutafuta nyufa. Wanapigilia vigingi pande mbili za ufa na kupima kama umbali unaongezeka. Wanachimba mitaro ya kuyapeleka maji kando, kisha wanapunguza udongo kutoka juu wakishuka. Baadaye ndipo zinakuja gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, ambavyo hushikilia udongo huku vikiacha maji yapite. Asiyeziba ufa hujenga ukuta: kwenye mlima methali hiyo ni maelezo ya kazi, neno kwa neno. Na kazi hiyo haiharakishwi na kelele za mtandaoni. Anayekwambia usipite huenda anaona kitu usichokiona.

Lakini je, ana haki ya kukuzuia kwa nguvu? Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill aliligusa jambo linalokaribia hili katika kitabu chake On Liberty cha 1859. Alitoa mfano wa mtu anayetaka kuvuka daraja linalojulikana kuwa bovu. Kama hakuna muda wa kumwonya, alisema Mill, unaweza kumshika na kumrudisha bila kumvunjia uhuru wake, kwa kuwa uhuru ni kufanya unachotaka, na yeye hataki kuanguka mtoni. Lakini kama daraja ni la hatari tu, si la kuanguka kwa hakika, basi mtu mzima mwenye akili zake aonywe, halafu aachwe aamue mwenyewe.

Mfano mzuri, ila una upungufu ukiupeleka mlimani. Kwanza, mvukaji wa Mill yuko peke yake. Kwenye maporomoko, ukifunikwa na udongo kuna vijana watakaokuja kukuchimbua, na mteremko hautawauliza kama wao walikubali hatari. Kwa hiyo uamuzi wako si wako pekee. Hapo anayefunga anapata nguvu zaidi kuliko Mill alivyompa.

Pili, na hapa ndipo mambo yanageuka, mvukaji wa Mill anataka tu kuvuka. Hatuambiwi anaenda wapi wala kuna nini akikosa kufika. Mama mwenye mtoto anayewaka homa saa nne usiku hachagui kati ya hatari na usalama. Ana hatari mbili, moja mbele na moja nyuma, na kizuizi kimeiona moja tu. Ukimwambia "rudi nyumbani, ni kwa usalama wako," umemkabidhi hatari ile nyingine aibebe peke yake, halafu ukaiita usalama.

Basi jibu langu ni hili. Kufunga barabara ni halali pale mlima unapotisha, lakini anayefunga anarithi kazi ya barabara. Kilichokuwa muhimu tangu mwanzo ni kufika: dawa ifike, maziwa yafike, mtoto afike shule. Changarawe na lami vilikuwa chombo tu. Ukikiondoa chombo, hata kwa sababu nzuri, kazi yake imebaki mikononi mwako. Katiba yetu, Kifungu cha 39, inampa kila mtu haki ya kwenda atakako. Haki hiyo inaweza kuwekewa mipaka kwa sababu za maana, lakini kuiwekea mipaka ni tofauti na kuisahau.

Deni hili linalipwaje kwa ground? Tazama pale kwenye kizuizi. Mara nyingi anayesimama hapo ni kijana mwenye bendera nyekundu, kibarua wa siku, na huyo ndiye tumemwachia swali la falsafa. Anakuja mgonjwa, anampitisha. Linakuja gari la mheshimiwa, nalo anapitisha, atafanyaje? Anakuja mtu wa boda anayemjua, "buda, niachie dakika moja tu," anapita. Anakuja mama mzee na gunia la ndengu, anaambiwa, "Mama, barabara imefungwa, si umeona tangazo?" Hakuna aliyepanga kumwonea. Lakini sheria ikiwa ni kumwomba mtu, anayeshinda ni mwenye jina, mwenye sauti au mwenye mia mbili mkononi.

Dawa yake si kumtafuta kijana mwenye roho nzuri zaidi. Dawa ni saa zinazojulikana. Kama mteremko umekauka na vigingi havijasogea, mafundi wanaweza kusimamisha kazi asubuhi na jioni, watu wapite kwa miguu wakisimamiwa, kwa zamu, mvua ikianza tu njia ifungwe. Matatu zije hadi pande zote mbili, abiria wavuke kwa miguu na kupanda gari jingine. Watu wetu hufanya hivyo wenyewe kila barabara inapokatika. Tofauti ni kwamba wanafanya gizani, kwenye kijia walichokichimba bila kupimiwa, wakilipa nauli mara mbili. Usipotoa njia iliyosimamiwa, njia isiyosimamiwa itajitengeneza yenyewe. Kwa hiyo hata mtu anayejali usalama peke yake ana sababu ya kufungua kidogo.

Pia kuna watu ambao shida yao haipigi kelele. Dharura inajulikana: damu, uchungu wa kuzaa, ving'ora. Lakini mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki ana ratiba inayojulikana mapema. Majani chai yanataka kufika kiwandani siku ileile yaliyochumwa. Maziwa hayangoji kesho. Mama mboga akikosa soko kwa siku tatu hafi, ila mtaji umeoza, na hakuna helikopta ya mtaji. Hawa hawahitaji huruma kwenye kizuizi. Wanahitaji mtu aliyeuliza kabla ya kufunga: nani anaishi ng'ambo, na wiki yake inakwendaje? Maswali hayo hujibiwa kwenye baraza la chifu na kupitia redio inayozungumza lugha ya pale, maana bango la PDF mtandaoni halimfikii aliyeishiwa na chaji siku umeme ulipokatika pamoja na barabara.

Usiniambie haiwezekani. Novemba 2023, mvua za El Niño zilipokata barabara, serikali ilitumia helikopta kufikisha karatasi za KCSE kwenye shule zilizozingirwa na maji. Ilikuwa sawa kabisa. Mtahiniwa hakuileta mvua. Lakini tujifunze kitu pale. Nchi ilikuwa imeamua kwamba mtihani lazima ufike, na njia ikapatikana. Kumbe swali halikuwa uwezo peke yake. Lilikuwa: ni kitu gani tumeamua lazima kifike?

Najua kuna atakayeuliza, "Kwani nani aliwaambia wakae huko?" Swali hilo huulizwa na mtu aliye kwenye gorofa ya sita Nairobi, jiji ambalo Aprili 2024 lilikuwa na watu juu ya mabati Mathare wakisubiri maji yapungue. Jamii za Marakwet zimeishi kwenye ule ukingo wa mlima kwa karne nyingi, na mifereji yao ya kunyunyizia mashamba ni mikongwe kuliko jiji letu. Sehemu nyingine mtu atahitaji kuhama kweli, na kuhamishwa vizuri ni sehemu ya deni hilohilo. Lakini uamuzi huo ufanywe naye mezani. Kuiacha barabara yake ikae imekatika hadi achoke aondoke mwenyewe ni kumfukuza bila kusema neno.

Mwingine ataleta hesabu: magari yapitayo pale ni machache, pesa zetu chache ziende kwenye barabara zenye watu wengi. Hesabu hiyo ina maana, ila inahesabu kitu kimoja tu. Barabara mbovu huwa na magari machache kwa sababu ni mbovu. Tena, barabara inayobeba magari elfu na ina nyingine tatu sambamba nayo, ikifungwa, inaleta kuchelewa. Ile inayobeba magari ishirini na haina mwenzake, ikifungwa, inaleta kukosa. Kuchelewa kwa wengi na kukosa kabisa kwa wachache si vitu vya kujumlishwa kwenye safu moja.

Na pesa zenyewe ni zetu sote. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli au dizeli inatozwa shilingi 25 za matengenezo ya barabara, kutoka 18 za awali. Boda unayopanda Kasarani inalipa, na boda ya Chesongoch inalipa vilevile, lita kwa lita. Hakuna anayeomba msaada hapo. Aliyefungiwa barabara alishailipia.

Kwa hiyo msimu ujao wa mvua, picha ile ikija tena, poleni yako ni nzuri, iandike. Halafu ongeza maswali mawili chini ya tangazo: walioko ng'ambo wanapita saa ngapi, na nani anawajibika mpaka barabara irudi? Tangazo lisilo na majibu hayo bado halijakamilika.