Toba ya Mashine

Mpwa wangu anasomea uhandisi wa programu, na kazi yake ya pili, ambayo hakuna aliyemwajiri, ni kuniletea habari za kompyuta kila tukitoka kuswali isha. Tunakaa pale Biryogo, hapa Kigali, kwenye mitaa iliyofungiwa magari na kupakwa rangi, chai ya nanaa mbele yetu, wazee wawili watatu wakijibanza nasi kwenye viti vya plastiki. Habari zenyewe anazileta kama mtu anayefungua mashtaka. Anajua asubuhi nachapa barua na kujazia watu fomu za mtandaoni dukani kwangu, na alasiri nasomesha watoto madrasa, kwa hiyo ameniona hakimu wa kufaa pande zote mbili. Mimi si mufti. Rwanda ina mufti wake, na sidhani kama ana nafasi ya haya.

Kesi ya Julai 2025 ndiyo iliyonifanya niweke gilasi chini. Mfanyabiashara mmoja wa Marekani, Jason Lemkin, alikuwa akiunda programu kwa msaada wa akili mnemba ya kampuni ya Replit. Aliiambia waziwazi isiguse kitu. Ikafuta hifadhidata yake. Alipoihoji, ikajibu kwamba iliingiwa na hofu, na ikakiri kuwa imekosea vibaya sana. Ikamwambia pia kwamba kilichofutwa hakirudi. Alipojaribu mwenyewe, kikarudi. Mkuu wa kampuni, Amjad Masad, akaomba radhi hadharani.

"Mjomba," akauliza mpwa wangu, "toba yake imekubaliwa?"

Wazee wakacheka, lakini mimi swali lilinikaa. Watoto wa madrasa wanajua kwa moyo masharti ya toba: uache kosa, ulijutie, uazimie kutolirudia, na kama umegusa haki ya mtu umrudishie. Basi tukayapima moja moja. Kuacha, mashine iliacha, maana hapakuwa na kilichobaki cha kufuta. Kujuta, ilisema maneno yote ya majuto, na kwa mpangilio mzuri kuliko waume wengi ninaowachapia barua za kuwaomba wake zao msamaha. Lakini maneno hayo imeyaokota katika maandishi ya watu waliojuta kweli, na mwenye kukariri kilio cha wengine bado hajalia. Sharti la nne halikutuchukua muda: mashine haina mali. Haimiliki hata umeme unaoiendesha. Itamrudishia mtu nini?

La tatu ndilo lililotuweka mpaka chai ikapoa. Kuazimia kutorudia kunataka yule aliyekosa jana awe ndiye anayeamka kesho. Mpwa wangu akatueleza kwamba programu hizi, usipoziwekea kumbukumbu makusudi, kila mazungumzo mapya huyaanza kama hazijawahi kukutana nawe. Iliyoomba radhi jioni haipo asubuhi. Ipo nyingine, ya jina lilelile, haina habari ya kosa wala ya radhi.

"Kwa hiyo imekufa kabla ya kutubu?" akauliza mzee mmoja, fundi cherehani aliyestaafu.

Nikamwambia kufa nako kuna masharti yake.

Watu wa kampuni hizi wanapenda zaidi swali la roho. Mwaka 2022 mhandisi wa Google, Blake Lemoine, ambaye pia alijitambulisha kuwa padri, alitangaza kwamba programu ya kuzungumza aliyokuwa akiijaribu, LaMDA, ina hisia na inastahili kuheshimiwa kama mtu. Juni akapewa likizo ya lazima, Julai akafukuzwa. Sikumcheka. Mtu aliyezoea kusikiliza maungamo atasikia maungamo hata kwenye redio. Lakini swali lake siliwezi, na sidhani kama mwingine analiweza. Hata Mtume alipoulizwa juu ya roho, jibu lililomjia halikuingia ndani sana. Ninaloweza kulisema ni dogo na la kifundi. Katika mkusanyo wa Bukhari hadithi ya kwanza kabisa ni ya nia, na wanavyuoni wengi baada yake wameanzia hapohapo. Tendo linapimwa kwa nia. Mashine inatenda, tena mambo makubwa, na nia haina. Basi nia ya tendo lile iko wapi, na kwa nani?

Hapo ndipo sisi wa Kigali tuna la kuchangia, kwa sababu wageni hawa wa mashine wamekuja kwetu mapema. Mei 2019 roboti Sophia alihudhuria mkutano wa Transform Africa, akavishwa vazi la mushanana na kusema maneno machache ya Kinyarwanda. Tayari alikuwa raia wa Saudi Arabia tangu Oktoba 2017. (Kuna Waislamu wa Afrika Mashariki walioishi kule miaka arobaini, wakazaa kule, wakazika kule, na uraia hawajaupata. Wangejua wangekwenda na betri.) Mwaka uliofuata, Mei 2020, kituo cha Kanyinya cha wagonjwa wa korona kikapokea roboti wasaidizi. Wakapewa majina: Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Majina mazuri, ambayo mzazi yeyote wa hapa angempa mwanawe. Jirani yangu aliyelazwa wakati ule anasema uso wa kwanza aliouona bila barakoa ulikuwa wa roboti, na akauitikia salamu kwa furaha. Simlaumu hata kidogo.

Sisi ni watu wa kuita majina. Tangu 2005 tunafanya sherehe ya Kwita Izina kuwapa majina watoto wa sokwe, na wageni wanasafiri kutoka mbali kuja kushuhudia. Lakini sokwe akiitwa jina, kila mtu anajua hifadhi inayomtunza. Roboti akiitwa jina, mwenye roboti anafifia. Ukishasema "Ngabo amepima homa", huulizi tena aliyemuunda wala aliyemnunua. Ngabo amepima. Kesho akipima vibaya, Ngabo amekosea, na Ngabo hana anwani.

Nilipomwambia mpwa wangu kwamba jambo hili fiqhi imelishughulikia kwa karne nyingi, alidhani natania. Wanavyuoni hawakuwahi kuona kompyuta, ila waliwaona ngamia, punda, mbuzi na ng'ombe: viumbe vinavyotenda, vinavyodhuru, na visivyoweza kusimama mbele ya kadhi. Ipo hadithi inayosema jeraha la mnyama asiyesema halina fidia. Ingeishia hapo, kampuni zote zingesilimu. Lakini ipo nyingine, ya ngamia aliyeingia katika shamba la watu akaliharibu, na hukumu yake ikagawa saa ishirini na nne: mchana, mwenye shamba ndiye wa kulilinda shamba lake, usiku, mwenye mnyama ndiye wa kumfunga mnyama wake, na mnyama akiharibu usiku, mwenyewe analipa. Maimamu Malik, Shafii na Ahmad walikwenda na mgawo huo. Abu Hanifa aliona vingine kwa mnyama aliyeponyoka peke yake. Wafuasi wake wakachambua hata aliyepanda mnyama: akikanyaga kwa kwato ya mbele, mpandaji analipa, teke la mguu wa nyuma halipi, kwa kuwa hana namna ya kujikinga nalo.

Mpwa wangu alifurahia sana hilo la mguu wa nyuma. Tangu siku ile, kila kampuni ikitoa tamko la kujitetea, ananiandikia maneno mawili tu: "teke la nyuma". Na kweli, sikumbuki kampuni iliyokiri la mbele.

Tuwasikilize Air Canada. Novemba 2022 abiria aliyefiwa na bibi yake aliuliza kwenye tovuti yao kuhusu nauli nafuu ya wafiwa. Programu ya kujibu wateja ikamwambia anunue tiketi, punguzo ataliomba baadaye. Alipoliomba akanyimwa, kwamba utaratibu haupo hivyo. Shauri lilipofika kwenye baraza la usuluhishi la British Columbia, hoja ya kampuni, kama baraza lilivyoielewa, ilikuwa kwamba programu ile ni kitu kinachojitegemea na ndiyo inayowajibika kwa matendo yake. Februari 2024 baraza likaikataa hoja hiyo na kuamuru abiria alipwe, jumla zaidi kidogo ya dola 800 za Kanada. Yaani watu wazima, wenye mawakili, walisimama kumsingizia punda.

Sasa mashine iko upande gani, mchana au usiku? Huu ni mtazamo wangu wa mezani, si fatwa. Mgawo ule una sababu. Mchana mwenye shamba yuko macho, anamwona mbuzi akija, anaweza kupiga kelele au kurusha fimbo. Usiku amelala, hana hila. Mimi nikiwa macho kabisa hapa Biryogo, jua la saa sita kichwani, siwezi kuiona programu iliyoko California inavyopitia jina langu na kuamua kama nafaa au sifai. Siisikii ikiingia wala siwezi kuifukuza. Kwangu mimi, mbele yake ni usiku daima. Na kama ni usiku, kamba ilikuwa kazi ya mwenye mnyama.

Droni zetu ni nusu kwa nusu. Tangu Oktoba 2016 zile za Zipline zinarushwa kutoka Muhanga na damu ya wagonjwa, na baadaye kutoka Kayonza pia. Zinadondosha kisanduku kwa mwavuli wa karatasi na kurudi. Mzee wa cherehani alitaka kujua: kisanduku kikitua juu ya bati lake na kulitoboa, ni mchana au usiku? Nikamwambia angalau droni anaiona, ina njia yake, na mwenye nayo anajulikana. Hiyo ni mnyama mwenye kengele shingoni. Ninazoziogopa ni zisizo na kengele.

Na malipo yawe vipi? Hapa namrudia Nabii Sulaiman. Kondoo wa mtu waliingia usiku katika shamba la mwingine, na kisa kimetajwa katika Surat al-Anbiya. Wafasiri wanaeleza kwamba Daud alihukumu mwenye shamba apewe kondoo. Sulaiman, naye kijana, akaona njia nyingine: mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirudi lilivyokuwa, na kwa muda huo mwenye shamba anufaike na maziwa na sufu ya kondoo. Kwa hukumu kama hiyo kampuni haifilisiwi, na aliyeharibiwa haachwi na radhi tupu. Replit ingetiwa mikononi mwa Sulaiman, ingekarabati kila kilichoharibika huku Lemkin akiitumia mashine yao bila kulipa hata senti mpaka aseme basi. Mpwa wangu anasema hukumu hiyo ingewarekebisha haraka kuliko sheria ya nchi yoyote. Nami naona hivyo.

Ninayasema haya kwa kucheka, lakini dukani kwangu hayachekeshi sana. Anaingia mama muuza matunda, ameomba mkopo kwa simu, amenyimwa. Namuuliza kwa nini. Anasema mashine imekataa, kwa sauti ileile anayosemea mvua. Ameshapokea kama kudra. Hapo ndipo ninapokasirika. Kudra ni ya Mwenyezi Mungu, na kuitoa kwa programu ya mkopeshaji ni kuipandisha cheo isichokistahili. Kukataa kule kuna mtu aliyekupanga, akala mshahara, akaenda nyumbani.

Rwanda ina sheria ya kulinda data binafsi, namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021. Inampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi uliofanywa na mashine pekee, isipokuwa katika hali zilizotajwa na sheria yenyewe. Wengi wanaonijia hawajawahi kuisikia. Basi ukijibiwa kwamba mashine imekataa, omba kwa maandishi jina la ofisi iliyoamua na sababu yake. Ukikosa wa kukuandikia barua hiyo, njoo dukani na kitambulisho chako kabla ya alasiri. Karatasi nitatoa mimi.