Kuiba Kisichopungua

Mtini wa kukhu uko nyuma ya jikoni, nyumbani kwetu karibu na Suam, na ni mali ya wizi. Anasema hivyo mwenyewe, bila haya, mbele ya wageni. Akiwa msichana, kabla ya Uhuru, alifanya kazi kwa mzungu mmoja upande wa Endebess. Bustanini kulikuwa na mtini, na kila mwaka mzungu aliamuru machipukizi yanayoota shinani yang'olewe na kuchomwa. Kukhu akaficha moja ndani ya leso akaenda nalo nyumbani. Mzungu hakupungukiwa na kitu. Lakini hakuombwa, na kukhu anaamini angeombwa angekataa.

Sasa, huo ni wizi?

Chuoni, kabla karo haijanishinda, nilikaa kwenye darasa la falsafa muda wa kutosha kujua kwamba swali kama hilo linaweza kumaliza muhula mzima. Kwa kukhu linamaliza kikombe kimoja cha chai. Anauliza: shamba lenyewe mzungu alilipata wapi? Halafu anacheka. Mimi hoja hiyo hainitoshi. Mwizi kuibiwa hakumfanyi aliyemwibia kuwa mnyoofu.

Jibu lenye uzito zaidi nililipata kwenye mti wenyewe, siku nilipofundishwa kuuhudumia. Mtini hautulii na shina moja. Ukiuacha, machipukizi yanajaa pande zote, unakuwa kichaka, na tini zinapungua. Kuyakata juu juu ni kujisumbua, yatarudi. Unafukua udongo mpaka uone yanapoungana na mama, unachagua yale yenye mizizi yake, unakata kwa kisu kikali. Unapunguza majani yasije yakanyonya maji yote, unapanda kwenye mkebe uliotobolewa chini, unaweka kivulini. Utomvu wake mweupe unawasha vibaya, vaa mikono mirefu. Mvua ikikolea unahamishia shambani, na hapo utakuwa na mti uleule, nakala ya mama yake.

Aina hii huzaa bila kuchavushwa. Pasipo nyigu wake maalum, mbegu zake haziwezi kuota, kwa hiyo ndege hawezi kuipanda. Mwaka 2006 watafiti walitangaza kwamba tini zilizochimbuliwa Gilgal, bonde la Yordani, zenye miaka zaidi ya 11,000, zilikuwa za namna hiyo, na kwamba huenda watu walikuwa tayari wanapanda vipande vyake. Yaani mtini kama wa kukhu haufiki mahali peke yake. Lazima kuna mtu aliyeubeba. Mzungu naye aliupata kwa mtu, na huyo kwa mwingine. Ukiwa umepokea kitu kwa njia hiyo, una haki gani ya kukichoma ili jirani asikipate?

Huku kwetu habari ya mbegu zenye mwenyewe tunaijua. Kenya Seed ilianza Kitale mwaka 1956, na mahindi yake ndiyo yametulisha. Lakini sheria ya mbegu ilifikia kumtishia mkulima kwa faini ya hadi shilingi 1,000,000 au jela miaka 2 akiuza ama kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa. Wakulima wadogo wakaenda kortini. Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Siku hiyo nilishangilia kwenye simu kana kwamba Gor wamefunga.

Mvua iliyofuata nilichimba machipukizi kumi na tisa ya kukhu bila kumwambia, nikayapiga picha, nikayaweka mtandaoni. Mia tatu moja. Niliandika "aina adimu", na sijui kama ni adimu. Nikayapeleka Kitale kwa matatu, magunia mawili, na yaliisha kwa siku tatu.

Kuuza sijutii, nasema ukweli. Mgongo ulikuwa wangu, mikebe ilikuwa yangu, nauli ilikuwa yangu, na kijana aliyeacha chuo hawezi kuishi kwa kugawa. Kukhu hajawahi kuuza hata moja, anasema huwezi kuuza ulichoiba. Lakini kukhu ana shamba. Mimi nina simu.

Kinachonisumbua ni kidogo zaidi. Kabla sijaenda Kitale, mama jirani alikuja kuomba chipukizi moja. Mikebe ilikuwa nyuma yangu, imefunikwa na gunia. Nikamwambia yameisha. Nilikuwa nimeshahesabu, kumi na tisa mara mia tatu, na yeye angeniharibia hesabu. Wakati huo nilikuwa yule mzungu kabisa. Pengine yeye alikuwa na nafuu, maana hakuwa ameshangilia hukumu ya mtu.

Kukhu aliona shina lilivyofukuliwa. Aliniuliza tu, "Mama jirani alipata?" Sikujibu. Akarudi kwenye mboga zake.

Jumamosi nilichimba tena, lilikuwa limebaki moja jembamba, nikampelekea mama jirani. Akauliza bei. Nikasema hakuna. Akaniangalia sana, kisha akaingia jikoni akatoka na mayai matatu. Nikayachukua. Njiani nikawaza kama nimeuza tena, na kama nirudi niyarudishe, lakini nilikuwa nimeshafika nyumbani na kukhu alikuwa amebandika sufuria.