Tuwafundishe watoto wetu kemia majumbani





Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Siku ya pili ya Idd kanzu yangu nyeupe ilimwagikiwa na mchuzi wenye manjano. Binti yangu wa darasa la tatu, kwa kutaka kunifurahisha, akaichukua na kuifua kwa sabuni ya mche. Doa la njano likageuka jekundu. Akanijia mbio: "Baba, kanzu inatoa damu! Kwa nini?" Nami, mwalimu wa dini ninayewahimiza watoto wa watu kila siku juu ya tafakuri, nikamkaripia: nani kakutuma kuishika? Akanyamaza. Hakuuliza tena siku ile wala iliyofuata.

Usiku nikaikumbuka aya ya 78 ya Surat An-Nahl, ambamo Allah (SW) anatukumbusha kuwa tulitoka matumboni mwa mama zetu hatujui kitu, Naye akatupa usikivu, macho na nyoyo. Mtoto alikuwa ametumia macho aliyopewa. Mimi ndiye niliyeyafumba.

Na kwa nini nilikuwa mkali? Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Mimi ni zao la sekondari za kata zilipoanza kuwa nyingi, hapa hapa Singida. Kemia tuliisoma ubaoni. Mwalimu alichora chupa, akachora mshale, akaandika kwa Kiingereza kwamba rangi inabadilika, nasi tukanakili. Rangi yenyewe hatukuiona. Rais Kikwete alipoagiza mwaka 2012 kila sekondari ya kata iwe na maabara, mimi nilikuwa nimeshamaliza, na kemia nimeshaichukia.

Nikamwendea mwalimu mwenzangu wa sayansi. Akacheka, akanieleza: manjano hubaki ya njano penye asidi, na hugeuka mekundu penye besi. Sabuni ya mche ni besi. Kamulia ndimu, njano itarudi. Nikarudi nyumbani, nikamwita binti yangu, nikamwomba radhi, tukajaribu kwenye pindo la kanzu ile ile. Ikarudi njano! Alipiga kelele mpaka mama yake akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Tangu hapo kila Jumamosi baada ya Alasiri tunakaa barazani. Tumechovya karatasi kwenye manjano yaliyokorogwa kwa maji ya moto na kuzianika. Tumechemsha choya: ukitia ndimu wekundu unakolea, ukitia maji ya majivu yaliyochujwa unageuka kuwa kama kijani. Tumechota maji ya Ziwa Singidani, ambalo watoto wanalipita kila siku bila kulitazama, na karatasi ya manjano ikawa nyekundu, maana maji ya ziwa lile yana magadi.

Mzee mmoja msikitini aliniuliza kama nimeacha Qur'an nafundisha mazingaombwe. Nilimwambia kwamba hata neno alkali, ambalo Wazungu wanalitumia kwa besi kama hizo, ni la Kiarabu, al-qali, yaani majivu ya mimea. Abu Bakr al-Razi, aliyefariki karibu mwaka 925, aliandika vitabu vinavyoeleza vyombo vya kuyeyushia na kukenekea, kimoja baada ya kingine. Mzee alifurahi sana. Lakini tusidanganyane, majina ya wanazuoni wa zamani hayamsaidii mtoto ambaye hajawahi kushika hata kikombe cha siki.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Wenyeji wa mkoa huu tunajua meno ya watoto wetu wengi yana madoa ya kahawia. Visima vyetu vingi vina floraidi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi, yanatoka yakiwa na madoa. Mtoto wa dada yangu, wa darasa la sita, anakaa kwetu. Wenzake walikuwa wakimcheka. Basi kila asubuhi kabla ya shule alisugua meno kwa ndimu na mchanga laini. Tulimkataza kwa maneno, tukachoka.

Jumamosi moja tukaweka ganda la yai kwenye siki. Likatoa povu. Kesho yake lilikuwa limekwisha, imebaki ngozi laini tu inayobonyea. Mfupa wa kuku tuliuacha kwenye siki siku kadhaa, ukapindika kama mpira. Yule binti akaushika, akaukunja, akaukunjua. Kisha akauliza polepole: "Mjomba, na meno yangu ndiyo yanakuwa hivi?"

Nilimweleza kama nilivyoelezwa. Jino ni gumu kuliko ganda la yai na halitoi povu, lakini limejengwa kwa madini yanayofanana na ya mfupa, na asidi ya ndimu inayala kidogo kidogo. Madoa yale si uchafu wala si laana, yameingia wakati jino linaumbika, na kusugua hakuyatoi. Hakusema kitu. Tangu siku ile anatumia mswaki, Sunna ya Mtume wetu (SAW), na ndimu zimebaki za kachumbari.

Akauliza jingine: tukiyachemsha maji je? Tukachemsha maji ya chumvi mpaka yakapungua nusu, wakaonja. Yalikuwa na chumvi kali zaidi. Floraidi nayo ni hivyo: moto unaua vijidudu, madini yanabaki. Kwa hiyo masika haya wadogo wanakunywa maji ya mvua tuliyokinga batini, yaliyochemshwa. Karatasi ya manjano haiwezi kukuonyesha floraidi, hilo ni la maabara. Kule Ngurdoto, Arusha, kipo kituo kinachochuja floraidi kwa mkaa wa mifupa, lakini mkaa wetu wa kupikia haufanyi kazi hiyo.

Nawaomba akina baba wenzangu tahadhari. Kostiki soda ya kutengenezea sabuni, maji ya betri na dawa za chooni si vitu vya mtoto, na dawa ya kung'arisha nguo ikichanganywa na dawa ya chooni yenye asidi inatoa hewa ya sumu. Mtume (SAW) ametukataza kujidhuru na kudhuriana. Wala pasiwe na israfu: ganda la yai lilikuwa linakwenda jalalani, na ndimu iliyokwisha kukamuliwa bado ina asidi ya kutosha kwa mchezo wa watoto.

Jumamosi ijayo, inshaallah, tutachota maji ya kisima cha mtaa, tuyachemshe mpaka yakauke, tuone kinachobaki kwenye sufuria. Wazo ni la binti yangu wa darasa la tatu. Ameshaniuliza siku hiyo nitavaa kanzu gani.