Kutikisa kichwa

Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kutikisa kichwa. Ukiongea, naangalia mdomo wako, nacheka ukicheka, kisha nakubali: ndiyo, ndiyo. Masikio yangu yalianza kutoa usaha nikiwa mtoto, kule Kivu, na wakati wa kukimbia nani atatafuta daktari wa masikio? Nyumbani walisema, "Huyu mtoto hasikii." Kwa Kiswahili maneno hayo yana maana mbili: masikio ni mabovu, au mtoto ni mkaidi. Mimi nilichapwa kwa maana ya pili.

Mwaka huu nimepata mashine za masikio. Siku ya kwanza nilitaka kuzitupa. Sauti yangu mwenyewe ilikuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Mfuko wa plastiki ulinishtua. Nilipopita kwenye magaraji ya Buyenzi, nyundo zote zilinipiga kichwani pamoja. Aliyenipima aliniambia nisiwe na haraka: nianze na saa chache kwa siku, mahali pa kimya, maana ubongo nao lazima ujifunze upya sauti gani ufuate na ipi uiache. Inachukua wiki, hata miezi.

Lakini iliyonisumbua zaidi ni sauti ya kijana mmoja wa kikundi chetu hapa Bujumbura. Alikuwa ameacha kunisalimia. Nilipomuuliza sababu, safari hii nilisikia kila neno: "Yaya, si nilikuomba unisindikize ile siku ya mahojiano? Ulikubali. Nilikungojea mpaka saa tano, nikaenda peke yangu."

Sikukumbuka kitu. Labda kulikuwa na kelele, akaniomba, nikatikisa kichwa.

Je, nilimdanganya? Mwongo anajua ukweli, kisha anasema kinyume chake. Mimi sikujua nilichokubali, na kutosikia si dhambi. Nilijitetea hivyo usiku mzima. Asubuhi utetezi ukanishinda, kwa sababu kuna jambo moja nililolijua vizuri: nilijua kwamba sikusikia. Hilo ndilo nililolificha, nisiitwe kiziwi, nionekane mfanyakazi mzuri. Aibu ilikuwa yangu, lakini aliyeilipia ni yeye.

Wanaotikisa kichwa tuko wengi. Mama anawekewa karatasi ya Kifaransa, anaulizwa kama ameelewa, anatikisa kichwa na kuweka dole gumba. Anaogopa kwamba akisema "sijaelewa," foleni itampita. Mfanyakazi wa shirika naye, jioni, mbele ya mtu wa hamsini, anatikisa kichwa huku anaangalia saa. Masikio yake ni mazima. Siwezi kuwahukumu sawa. Mama akitikisa kichwa, hasara inamrudia yeye mwenyewe. Sisi tuliopewa kazi ya kusikiliza tukitikisa, hasara inamwangukia mwingine, ambaye amekichukua kichwa chetu kama ahadi.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya kupoteza uwezo wa kusikia. Wengi wao wako katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, zikiwemo zetu, na wengi hawatapata mashine. Hata mimi, betri ikiisha katikati ya mkutano, narudi kuwa yule wa zamani. Kwa hiyo haki ya yule kijana haiwezi kutegemea mashine. Inategemea maneno mawili ambayo ningeweza kuyasema hata bila mashine: "Sikusikia, rudia." Siku hizi nayasema, na bado yananitoa jasho.

Nilimfuata yule kijana nikamwambia ukweli: siku ile sikukusikia, na nilikuficha. Alinyamaza. Kisha akasema, "Ungesema tu, yaya. Ningerudia."