Nani Apimaye Tundu la Chujio?

Miongoni mwa mambo ambayo binadamu huyatenda kila siku bila kuyafikiria sana ni kuchuja. Tui huchujwa, chai huchujwa, na watoto wetu nao tumewachuja kwa mitihani. Neno ni lile lile, nami sidhani kuwa ni kwa bahati tu. Hebu tulitafakari pamoja, msomaji wangu, tukianzia na maji.

Sisi wa Temeke na Kinondoni thamani ya maji twaijua. Mitaa mingi ilingoja bomba kwa miaka, na visima vingi vilivyochimbwa hutoa maji ya chumvi. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaanzia Kinondoni, kisha kikaenea mikoani. Kijidudu chake kina urefu wa maikromita moja hadi tatu, na maikromita ni milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Tundu la kitambaa ni kubwa kuliko hilo mara nyingi. Hata hivyo, utafiti wa vijijini Bangladesh uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa kulipunguza kipindupindu karibu nusu. Sababu ni kwamba vijidudu hivyo hujishikiza kwenye viumbe wadogo wa majini, na viumbe hao hunaswa. Tena kitambaa kikuukuu kilifaa kuliko kipya, kwa kuwa nyuzi zake zilizochakaa hupunguza matundu. Wazee wenzangu watafurahi kulisikia hilo.

Siku hizi wahandisi hutengeneza tando za polima, yaani vitu vya jamii ya plastiki, zenye vitundu vya kukusudiwa. Polima huyeyushwa, ikatandazwa nyembamba juu ya kioo, kisha kioo kikatumbukizwa majini. Maji huingia, kiyeyusho hutoka, nayo polima huganda ikiacha vitundu. Vikiwa na upana wa sehemu ya kumi ya maikromita, bakteria hubaki nyuma. Vikipunguzwa hadi sehemu ya mia, virusi vingi navyo hunaswa. Lakini chumvi hupita kana kwamba hakuna kizuizi.

Hapo ndipo penye fundisho. Utando haujui jema wala baya. Huo hujua ukubwa tu. Aliyeamua kipi kipite na kipi kibaki ni mtu, tena aliamua kabla maji hayajamiminwa. Kwa hiyo tusilisifu chujio wala tusililaumu. Tumtafute aliyepima tundu.

Mtu aweza kusema: basi vitundu viwe vidogo kabisa, tuwe salama. Lakini kadiri tundu linavyopungua ndivyo maji yanavyopita kwa shida na kuhitaji nguvu zaidi ya kuyasukuma. Mtoto aliyetoka shule na kiu hawezi kungojea chujio litoalo kikombe kimoja hadi magharibi, atachota ndooni. Ukali uliopita kiasi humrudisha mtu kwenye maji yale yale machafu.

Kwenye miaka ya 1960 ilipokuwa ikianza, Loeb na Sourirajan, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walipata njia ya kupunguza tatizo hilo. Utando wao wa kuondoa chumvi ulikuwa na ngozi nyembamba mno ya kuchagua, na chini yake tabaka nene lenye matundu makubwa la kuibeba. Ukali uliwekwa mahali pamoja tu, tena kwa unyenyekevu. Kwingine kote njia ilikuwa wazi. Naye Dakta Askwar Hilonga wa Arusha, aliyepata Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015, alibuni chujio la mchanga na chembe za nano linalorekebishwa kufuatana na uchafu wa mahali, kama vile floraidi. Ni kusema, jua kwanza maji ya watu, ndipo utengeneze chujio.

Nimeyawaza haya kwa sababu maisha yangu yote ya kazi yalipita karibu na mchujo wa namna nyingine. Kwa miaka mingi mtoto wa darasa la saba ambaye hakuchaguliwa aliitwa ameshindwa. Jina hilo alirudi nalo nyumbani, na wengine walizeeka nalo. Lakini tundu lile halikupimwa kwa akili za watoto. Lilipimwa kwa hesabu ya madawati ya kidato cha kwanza. Shule za kata zilipoongezeka baada ya mwaka 2004, watoto wa aina ile ile wakaanza kupita kwa wingi. Akili hazikuwa zimebadilika. Tundu ndilo lililopanuliwa.

Mfano wangu unakomea hapa, na yafaa ukomee. Kinachobaki juu ya utando ni uchafu, na fundi husukuma maji kinyume ili kuuondoa, la sivyo vitundu huziba. Anayebaki nje ya shule ni mtoto wa mtu. Haoshwi akamwagwa. Basi yeyote aliyekabidhiwa chujio, awe la maji, la kazi au la elimu, hana budi kujibu maswali mawili: tundu hili umelipima kwa kipimo gani, na hao waliobaki juu umewaandalia nini? Asiyeweza kujibu la pili hajastahili kuachiwa la kwanza.