Mkono Uliopooza na Hesabu Zetu

Somo: Marko 3:1-5, 2 Samweli 9



Wiki hii naanza na toba, halafu tuingie kwenye swali. Miezi kadhaa iliyopita kamati yetu ya ustawi ilipokea barua kutoka kwa familia moja ya hapa kanisani. Mama yao, miaka 81, alikuwa amepata kiharusi na upande wa kulia ukapooza. Hospitali ilimruhusu kwenda nyumbani, ikaandika kwamba afanyiwe tiba ya viungo mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu. Familia iliomba tusaidie kulipia tiba hiyo na teksi, kwa sababu kumpandisha matatu haikuwezekana.

Mnajua nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma. Nikachukua kalamu. Vipindi 24 hivi, teksi kwenda na kurudi. Kando yake kulikuwa na barua nyingine, ya baba wa miaka 34 aliyevunjika mguu kazini na ana watoto watatu. Nikasema, "Ndugu zangu, tuwe wakweli. Huyu mama tumpelekee unga, sukari na nepi, na tumwombee. Hii pesa iende mahali itazaa."

Hakuna aliyepinga. Nilitoka kwenye mkutano nikijiona msimamizi mwaminifu wa mali ya Bwana.

Jumamosi nikapeleka ule unga mwenyewe. Nilimkuta mama ameketishwa kwenye kiti, mkono wa kulia umelala kwenye mapaja. Mkaza mwana wake alikuwa anamnywesha chai kwa kijiko. Msichana mzuri, mwenye upendo wa kweli. Mama akajaribu kuinua ule mkono, ukapanda kidogo, vidole vikafunguka nusu. Mkaza mwana akamwambia kwa upole, "Wacha Mama, utajimwagia," akaurudisha mkono chini. Baadaye tulipobaki wawili, mama akaniambia, "Pasta, hawa watoto wananipenda. Lakini nikijaribu kitu, kimeshafanywa. Sasa hata kujaribu nimeacha."

Wapendwa, sikulala vizuri usiku huo. Ule mkono nilikuwa nimeuona ukipanda.

Kosa la kwanza: sikujua, na sikuuliza

Niliporudi nyumbani nilianza kusoma yale watafiti wamegundua kuhusu wazee na watu waliopoteza nguvu za viungo. Nikagundua kwamba hesabu yangu ilikosea kabla hata sijafika kwenye mambo ya moyo. Nilikuwa nimechukulia kwamba mwili wa miaka 81 haurudi. Nani aliniambia?

Mwaka 1990, Daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika makao ya wazee mjini Boston, Marekani. Walichukua wazee 10 dhaifu, wa miaka 86 hadi 96, wakawapa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa wiki 8, chini ya uangalizi. Tisa walimaliza. Nguvu za misuli yao ya mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Hao ni watu wa miaka 90, si vijana wa jimu.

Mwaka 1994 wakarudia na wazee 100. Wengine walipewa mazoezi, wengine kinywaji cha lishe, wengine vyote viwili, wengine hawakupewa chochote kati ya hivyo. Baada ya wiki 10, waliofanya mazoezi walipata nguvu na wakatembea kwa kasi zaidi. Kinywaji cha lishe bila mazoezi hakikuleta mabadiliko hayo. Hapo nilijicheka. Si ndicho nilichompelekea mama yetu? Unga na sukari! Chakula ni kizuri na anakihitaji, lakini nilikuwa nimempa kile kisichoinua mkono, nikamnyima kile ambacho pengine kingeuinua.

Halafu kuna jambo la kiharusi chenyewe. Mtafiti Edward Taub wa Marekani aliona kwamba kiungo kilichopooza wakati mwingine kinaacha kufanya kazi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ugonjwa. Ya pili ni mazoea: mtu akijaribu mara kadhaa na kushindwa, huku mkono mzima ukifanya kila kitu, ubongo unajifunza kuuacha ule mbovu. Yaani mkono unakuwa na uwezo kuliko ule unaotumika. Kutokana na hilo ikaja tiba ambayo mkono mzima unavalishwa glavu nene ili mgonjwa alazimike kutumia ule dhaifu. Mwaka 2006 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa tiba hii uliofanyika katika vituo 7 vya Marekani, kwa watu 222 waliokuwa na miezi 3 hadi 9 tangu wapate kiharusi. Kwa wiki mbili walivaa glavu karibu muda wote wakiwa macho, na walifanya mazoezi ya saa nyingi na wataalamu. Walipata nafuu kuliko wenzao wa matibabu ya kawaida, na nafuu hiyo ilikuwa bado ipo mwaka mmoja baadaye. Tiba hii haimfai kila mtu. Waliochaguliwa walikuwa bado wanaweza kusogeza kiganja na vidole kidogo.

Sasa rudi kwenye sebule ya mama yetu. Mkono unapanda, vidole vinafunguka nusu, na mkono wa upendo unaurudisha chini. "Wacha Mama." Si ubaya, ni huruma. Lakini huruma inayofanya kila kitu inaweza kumfundisha mtu kuwa mlemavu zaidi ya alivyo. Tunaharakisha, tunamvisha, tunamlisha, tunamalizia hata sentensi zake, halafu tunasema tumemheshimu mzazi. Wakati mwingine heshima ni kukaa dakika 15 ukiangalia mtu akifunga kifungo kimoja cha shati, na wewe umekalia mikono yako.

Kuna wengine watauliza: basi si familia ifanye hayo mazoezi, tuokoe pesa? Nilitamani sana iwe hivyo. Lakini mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa India, hospitali 14, wagonjwa 1,250 wa kiharusi. Nusu yao, jamaa zao walifundishwa kuwafanyisha mazoezi nyumbani. Baada ya miezi 6, waliofariki au kubaki wakitegemea wengine walikuwa asilimia 47 katika kundi lile na asilimia 47 katika kundi lingine. Hakuna tofauti. Sisemi familia haina kazi. Nasema nia njema na mafunzo ya siku chache visichukuliwe kuwa vinatosha mahali pa mtaalamu. Wala kukazana zaidi si dawa kila mara: utafiti mwingine wa mwaka 2015, wagonjwa 2,104 katika nchi 5, ulionyesha kwamba kumwamsha mgonjwa mara nyingi na kwa nguvu ndani ya saa 24 za kwanza baada ya kiharusi kulipunguza nafasi yake ya kupona vizuri. Kwa hiyo mpendwa, usitoke hapa ukamfunge bibi yako glavu. Uliza wenye ujuzi.

Kosa la pili: kipimo chenyewe

Kosa la kwanza lilitibiwa na kusoma. Hili la pili, vitabu vya utafiti haviwezi kulitibu.

Hebu jiulize: kama tafiti zote zingeonyesha kwamba mzee wa miaka 81 hawezi kupata nafuu hata kidogo, je, huyu mama angekuwa na thamani ndogo? Nikimtetea kwa kusema tu, "Mpeni tiba kwa sababu atapona," basi yule asiyepona nimemtupa. Kuna watoto wa kanisa hili ambao hawatatembea kamwe. Kuna wazee ambao akili zao zinaondoka na hazirudi. Neno nililosema kwenye kamati, "mahali itazaa," likipimwa kwao linatoka sifuri kila siku. Na siku moja litatoka sifuri kwangu pia.

Najua pesa haitoshi. Kamati ina bahasha moja na barua nyingi, na lazima ichague. Kuchagua si dhambi. Mtu anaweza kuuliza nani ana shida ya haraka zaidi, nani hana mtu mwingine, ni msaada gani kweli unasaidia. Hayo ni maswali ya haki, na yule baba aliyevunjika mguu alistahili kusikizwa. Dhambi yangu ilikuwa kuuliza, "Huyu atalipa nini?" Hapo mtu ameshakuwa mashine, na mashine kuukuu haiwekewi mafuta.

Hata katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inataja haki ya wazee kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima. Kama serikali imeandika hivyo, kanisa litasema kidogo zaidi?

Tazama Marko 3. Katika sinagogi kuna mtu ambaye mkono wake umepooza, na kuna watu waliokaa wakitazama. Wana kanuni zao, na kanuni zenyewe si za kipuuzi. Lakini kwao yule mtu ni kesi. Yesu anafanya mambo mawili. Kwanza anamwita asimame katikati, pale ambapo kila mtu atamwona kama mtu. Pili, hamshiki mkono na kumnyoshea. Anamwambia aunyoshe mwenyewe. Mkono ule ule usioweza! Uponyaji ni wa Bwana, lakini kunyosha ni kwa yule mtu. Ndiyo maana siwezi kukubali wanaosema kwamba kwenda tiba ya viungo ni kukosa imani. Naamini miujiza, nimeiona kwa macho yangu. Na naamini kwamba anayenyosha mkono wake mara mia kwa siku mbele ya mtaalamu hajamkosea Mungu hata kidogo.

Kisha soma 2 Samweli 9. Mefiboshethi, mlemavu wa miguu yote miwili, anaitwa na Daudi ale kwenye meza ya mfalme kama mmoja wa wanawe. Ukifika mwisho wa sura, bado anakula mezani, na bado miguu ni ile ile. Hakuna mahali Daudi alisema, "Ukianza kutembea, nitakuwekea kiti." Kiti kilikuwepo kwanza.

Nadhani hapo ndipo jibu lilipo. Hatumpi mtu tiba ili apate thamani. Tunampa kwa sababu anayo tayari. Akirudisha mkono, tutashangilia. Asiporudisha, kiti chake mezani hakisogei hata inchi moja.

Yaliyotokea

Nilirudi kwenye kamati nikaomba radhi. Tuligawa: baba wa mguu akapata sehemu, familia ya mama ikachanga nusu ya gharama zao, sisi tukabeba nusu nyingine. Ndugu mmoja mwenye gari akajitolea kuwa dereva siku za Jumanne na Alhamisi.

Sitawadanganya. Mama hajarudi kwaya, na hatembei bila kushikwa. Lakini ananyanyua kikombe cha plastiki kwa mikono miwili, kikiwa nusu. Mara ya mwisho nilipomtembelea alijimwagia kidogo kwenye leso, na mkaza mwana wake hakukimbia kumshika. Alikaa tu, akatabasamu, akamngoja. Mama akanywa, akaweka kikombe chini, akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi.

Je, ilikuwa na faida? Kwa hesabu nilizofunzwa chuoni, sijui ningeiandika safu gani. Ninachojua ni kwamba siku ile ya kwanza nilimkuta mtu ameacha kujaribu, na siku hii nilimkuta anajaribu.

Ya kutenda wiki hii

Kama una mzee ama mtu mwenye ulemavu nyumbani, chagua kitu kimoja unachomfanyia kila siku ambacho huenda anaweza kujifanyia. Muulize yeye kwanza. Kisha mpe muda. Kama ametoka hospitali na aliandikiwa tiba ya viungo ambayo haijaanza, njoo ofisini tuongee, usione haya. Na kama una gari na saa mbili za bure katikati ya wiki, jina lako tunalihitaji kuliko sadaka yako.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni nani kati yetu ambaye tumeacha kumngoja?
2. Tunapogawa pesa kidogo, ni maswali gani ya haki, na ni yapi yanamgeuza mtu kuwa mashine?
3. Wewe ukipooza kesho, ungetaka ufanyiwe nini, na ungetaka uachiwe nini ufanye mwenyewe?

Tuombe: Bwana, utusamehe tulipowapima watu wako kwa kile watakachorudisha. Tupe maarifa ya kusaidia vizuri, na subira ya kungoja mkono unaonyoshwa pole pole. Amina.